Jaji wa Kusikiliza

Boksi la vitabu liliingia sebuleni asubuhi, mikononi mwa dereva wa chama cha wachapishaji. Mwalimu akapewa kalamu atie saini. Aliuliza ni hapa, au ni hapa, mpaka dereva akamshika kidole na kukiweka mahali penyewe. Dereva aliondoka akiamini kwamba mama huyu ana maringo ya wasomi, hataki hata kuinama. Masikini, hakujua kwamba mwenzake hakuuona mstari.

Vitabu vilikuwa vinane, vyote vimevuliwa majalada na kuvishwa karatasi ya kaki. Chama kilikuwa kimechoshwa na maneno ya watu kwamba tuzo yao hupewa jina la mtu na wala si kazi yake, na kwamba jalada zuri huwa limeshapata alama kabla kitabu hakijafunguliwa. Mwaka huu, basi, jina la mwandishi liliondolewa, la kampuni likaondolewa, na zile sifa za nyuma ya kitabu nazo zikaondolewa. Majaji walikuwa watatu, na kila mmoja alibakiziwa maneno matupu. Kila mmoja pia alitia saini kwamba angeyasoma mwenyewe, peke yake, na angetoa alama bila kushauriana na mtu.

Mwalimu alifundisha fasihi maisha yake yote ya kazi. Tangu astaafu hakuna aliyemwuliza maoni yake juu ya jambo lolote, isipokuwa kama chumvi imekolea. Kwa hiyo aliposikia kwenye simu kwamba amechaguliwa kuwa jaji, alijibu ndiyo kabla mpigaji hajamaliza sentensi. Simu ilipokatika ndipo alipoyakumbuka macho yake. Yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari alisema upasuaji wake ni mdogo ila foleni yake ni kubwa, na jina lake lilikuwa humo kwenye foleni. Mtu alimwona, mlango aliuona, lakini herufi za kitabuni zilikuwa zimechanganyika kama sisimizi waliomwagiwa maji.

"Sasa utavisomaje?" mumewe alimwuliza, akilitazama boksi.

"Nitavisikiliza."

"Na kile ulichokisaini?"

"Mzee, mimi na wewe tumekuwa pamoja tangu ujana. Ukisoma wewe, nimesoma mimi."

Mumewe alisafisha koo, na haikuwa kwa sababu ya vumbi. Alikuwa mtangazaji wa redio aliyestaafu, na majirani hadi leo walimwita Redio. Miaka yake ya mwisho kazini alikuwa akisoma matangazo ya vifo, na watu walizoea kusema kwamba ukitangazwa na yeye, hata kama ulikuwa mlevi na mgomvi, mtaa mzima utalia. Sauti ile haikustaafu. Akiomba sukari mezani, mtu alihisi kuna jambo kubwa limetokea nchini.

Msomaji wa pili alikuwa mkwe wao. Mtoto wao pekee alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra kama mgeni, na mkewe aliishi na wazee hawa kwa heshima na kwa tahadhari. Alikuwa karani wa kupokea pesa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku nzima husimama nyuma ya kaunta akimsomea mteja risiti yake: misumari ya inchi nne, kilo mbili, bawaba, jozi tatu, rangi nyeupe, kopo moja. Mama mkwe alipomwomba awe anasoma jioni, Redio naye asome asubuhi, alijibu, "Sawa, Mama," kama alivyojibu kila jambo katika nyumba ile.

Vitabu viligawanywa bila kuchagua. Redio akachukua vinne vya juu kwenye boksi, mkwe akapewa vinne vya chini.

*

Asubuhi Redio alikunywa chai yake kwanza, akavaa shati la kutokea, akaketi wima kwenye kiti cha mbao akingoja kidogo, utafikiri kuna taa nyekundu itakayowaka ukutani. Kisha alianza. Kitabu chake cha kwanza kilihusu ndugu wawili waliojenga ukuta katikati ya nyumba ya urithi, na humo ndani kila jua lilichwa kwa aya nzima. Redio alizichukua aya zile akazipandisha juu. Alishusha sauti palipostahili na alinyamaza palipostahili, na mama wa kuuza mboga alisimama dirishani na kapu lake kichwani, akasahau alilojia. Mwalimu aliegemea kiti akayafumba macho. Raha iliyomwingia hakuwa ameipata tangu macho yaanze kumsumbua, na alikiri wazi kwa mumewe kwamba kitabu hiki kimemshika. Alikipa alama tisini.

Jioni ilikuwa zamu ya mkwe. Siku ya kwanza kabisa, alipofika ukurasa wa pili, Mwalimu alimkatiza ili kumrekebisha mahali pa kupumua. Alipofika wa tatu alimkatiza tena, kwamba pale pana alama ya kuuliza, haisomwi hivyo. Baadaye akamwambia asimeze mwisho wa maneno. Hakuwa na nia mbaya. Ni mazoea ya darasani, na mwalimu hata akistaafu mkono wake hutafuta chaki. Lakini tangu jioni ile binti wa watu alisoma akikimbia, macho kwenye ukurasa na moyo kwenye mlango, ilimradi amalize bila kosa. Alisoma ugomvi, akasoma mazishi, akasoma watu wawili wakiambiana wanapendana, na yote yalitoka mamoja, misumari na bawaba.

Kimojawapo cha vitabu vyake kilihusu dobi, mwanamke anayefua nguo za nyumba nyingi na kwa nguo hizo anajua nani mgonjwa, nani amegombana na nani, nani hana kazi tena. Walikimaliza siku ya mvua. Mkwe alifunga ukurasa wa mwisho, akaomba ruhusa, akaenda bafuni akafungulia maji. Hakuwa na cha kuosha. Alisimama pale akilia machozi ya kimya, akashangaa kwamba kitabu kinaweza kumjua mtu kiasi hicho. Aliporudi, mama mkwe wake alikuwa anajinyoosha mgongo.

Alama zilitumwa kwa simu, na mwenye kuziandika alikuwa mkwe, maana vitufe navyo Mwalimu hakuviona. Alikuwa akitaja kitabu, halafu akiuliza, "Niandike ngapi, Mama?" Wakaenda hivyo hadi kwa dobi.

"Arobaini na moja," alisema Mwalimu.

Kidole cha mkwe kilisita juu ya simu. "Hiki cha dobi, Mama?"

"Hicho hicho. Kimepooza. Mambo yapo, ila mwandishi anayapita mbio kama amechelewa mahali."

Mkwe aliandika arobaini na moja. Alipomaliza aliyapitia majibu yote kwa macho, akaona kwamba vitabu vinne alivyosoma Baba viko juu na vinne alivyosoma yeye viko chini, wala hakuna hata kimoja kilichopotea njia. Aliwaza kwamba huenda ni bahati yake. Akabonyeza kitufe, akaenda kuweka sufuria jikoni.

*

Baada ya siku kadhaa mratibu wa tuzo alipiga simu, na Mwalimu akaiweka kwenye spika kama kawaida yake. Alama za majaji wote zilikuwa zimejumlishwa, na vitabu vitatu vya juu vimejulikana. Cha ukuta kilikuwemo. Majaji waliombwa wavisome tena vyote vitatu, kisha wakutane kumchagua mshindi. Mratibu, binti mwenye maneno mengi na mazuri, akaongeza bila kuulizwa kwamba cha nne kilikosa kwa kidogo tu, kile cha dobi. Majaji wengine wawili walikipa alama za juu sana.

"Lakini ndiyo uzuri wa jopo," alimalizia. "Kila mtu na jicho lake."

Mwalimu alicheka kwa adabu. Mkwe alikuwa anapanga vikombe kabatini, akajitia hamnazo, ila kikombe kimoja kiligonga kingine.

Redio akaanza kukirudia kitabu cha ukuta. Siku ya pili yake mvua ilimkuta njiani bila mwavuli, na asubuhi iliyofuata alipofungua kinywa ilitoka hewa tupu. Sauti ilikuwa imekwenda na mafua. Alikunywa maji ya moto na ndimu, akajaribu tena, akaishia kutikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa. Kwa vile siku ya mkutano ilikuwa inakaribia na mkwe hakuwa na zamu dukani, kitabu kikahamia mikononi mwake palepale katikati ya sura.

Alisoma. Lilikuwa jua linachwa, aya nzima. Kisha kaka mkubwa akaulalamikia ukuta, aya mbili. Mwalimu alijigeuza kitini. Aliuliza kama wameruka kurasa, akaambiwa hapana. Alisikiliza tena, na jinsi alivyosikiliza ndivyo alivyoona kwamba maneno ni mengi na ndani yake hamna mtu.

"Ajabu," alisema. "Hapa mwandishi amechoka."

Redio alikuwa kitandani, mlango wa chumba uko wazi, shingo imefungwa taulo. Alinong'ona kwa shida, na ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao sentensi yake kutoka bila mapambo.

"Si mwandishi aliyechoka. Ni mimi."

 Mwalimu alikaa na mikono mapajani. Uso ulianza kumshuka taratibu, maana akili yake, tofauti na macho, haikuwa na ukungu wowote. Alianza kuhesabu vitabu kichwani: nani alisoma kipi, na kila kimoja alikipa ngapi. Wale watu walikuwa wameondoa jalada, wakaondoa jina, wakaondoa picha, ili kitu chochote kisisimame kati ya jaji na maneno. Naye akamkalisha mumewe hapo katikati, tena na shati la kutokea.

"Mwanangu," alisema hatimaye. "Ulipoandika zile alama, uliona?"

"Niliona, Mama."

"Mbona hukusema?"

Mkwe aliutazama ukurasa. "Ningesemaje? Ningesema vyangu vyote vimefeli?"

*

Sauti ya Redio iliporudi nusu, walifanya jaribio. Kitabu cha ukuta alikisoma mkwe, cha dobi akakisoma mzee. Mwalimu alikaa katikati yao kama refa. Ukuta ulizidi kupwaya. Dobi naye kwa sauti ya Redio alikuwa mzuri, tena mzuri sana, ila kila beseni la nguo liligeuka msiba wa kitaifa.

"Umemzika," alisema Mwalimu, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Hakukasirika. Alikuwa ameshakaa na jambo lile kitandani siku nzima, nusu anaona fahari na nusu anaona haya. Si kila mzee anayegundua kwamba bado anaweza kupitisha kitabu kibovu kwa koo tu.

Mwalimu alimgeukia mkwe, akamwomba asome yeye ule ukurasa wa mashati. Mkwe akaanza, akaanza kukimbia.

"Ngoja," alimkatiza, kisha akajishika mdomo kwa kuona kwamba amemkatiza tena. Palepale akalielewa lile jingine ambalo hakutaka kulielewa. "Hivi unakimbia nini, mwanangu?"

Mkwe alikishusha kitabu mapajani. "Nakukimbia wewe, Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nikienda polepole unanisahihisha."

Jambo hilo lilimchoma Mwalimu kuliko lile la alama. Kwa miaka miwili binti huyu alikuwa akijibu "Sawa, Mama" ndani ya nyumba hii, naye aliihesabu kuwa ndiyo furaha. Alimwomba radhi. Hakuzunguka, alisema tu kwamba amekosea na anaomba radhi, na mkwe akawa hajui aweke wapi macho. Kisha Mwalimu akasogeza kiti chake mpaka dirishani, akampa mgongo.

"Soma kama sipo. Soma kama ulivyojisomea siku ile ukaenda kufungulia maji."

"Kumbe ulijua?"

"Macho ndiyo mabovu. Masikio yalisikia bomba. Siku ile nilidhani unafua."

Mkwe alivuta pumzi, akasoma. Yule dobi alikuwa amepokea nguo za nyumba fulani, na kwa wiki nyingi sasa kola za mashati ya baba mwenye nyumba hazikuwa na jasho. "Mashati yalikuja safi," alisoma. "Aliyaloweka hivyo hivyo, akasugua kola, akayaanika juani. Mwenye mashati alikuwa anatoka kila asubuhi na hana pa kwenda, na kama mkewe hakuambiwa, si nguo zilizopaswa kumwambia." Sauti yake ilikuwa ndogo, haina madoido, na mahali fulani ilikwama kidogo ikaendelea. Redio alitazama sakafuni. Mwalimu alikuwa bado amewapa mgongo, na walipomwona akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, mkwe naye alicheka huku machozi yanamlengalenga.

*

Kilichobaki ni kukata shauri. Redio alishauri njia nyepesi: aende kwenye mkutano, aseme amekisoma upya kitabu cha dobi na amebadili mawazo. Jaji ana haki ya kubadili mawazo. Macho yasitajwe. Alisema haya huku akimpakia mkewe siagi kwenye mkate, na alimwonea huruma kwa dhati. Alijua kadi ya jaji, ile ya kuvaa shingoni iliyokuja ndani ya boksi, ilikuwa na maana gani kwake. Alimwona akiivaa mbele ya kioo kisichomwonyesha kitu.

"Nikisema hivyo, kuna vitabu vingine vitatu alivyosoma binti," alisema Mwalimu. "Navyo nivibadilie mawazo? Na vile vyako vitatu? Mimi sijui hata kimoja, Mzee. Nakujua wewe."

"Watakutoa."

"Watanitoa."

"Basi nitakusindikiza."

"Wewe ukifungua mdomo pale watanirudisha kwa huruma. Nitakwenda na binti."

*

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na kiyoyozi kinachonguruma. Mwenyekiti wa jopo alikuwa profesa mwembamba, mtu wa haki, ambaye wanafunzi wake walimpachika jina la Dawa ya Usingizi kwa jinsi alivyosoma mihadhara yake, na mwenyewe alilijua jina hilo. Jaji mwingine alikuwa mhariri wa gazeti, mwanamume mnene mwenye kicheko cha karibu. Mratibu alikaa pembeni na kompyuta yake. Mkwe aliachwa kwenye benchi la korido.

Utaratibu wa jopo ulikuwa kwamba pale alama za jaji mmoja zinapopishana mno na za wenzake, ajieleze kwanza ndipo mazungumzo yaanze. Mwenyekiti alikuwa ameshaiona ile arobaini na moja. Alimwambia Mwalimu kwa heshima kwamba angependa kusikia hoja zake kuhusu dobi, kwa kuwa yeye na mhariri walikuwa na mawazo tofauti. Na hapo ilikuwa rahisi sana. Mwalimu alikuwa na maneno ya kutosha ya kitaalamu, muundo, mtiririko, mwendo wa hadithi. Angeyapanga vizuri, wangeitikia kwa kichwa, wangeendelea mbele.

"Sikukisoma," alisema.

Akawaeleza yote: macho, foleni, mumewe asubuhi, mkwewe jioni, mafua, jaribio. Hakuruka kitu na hakujipendelea. Mratibu aliacha kuandika. Mhariri, aliyekuwa anataka kucheka aliposikia habari za Redio, aliacha kutaka.

Mwenyekiti alivua miwani. "Kwa nini hukutuambia mwanzo? Tungekupa nafasi hii mwaka mwingine."

"Niliogopa kwamba mwaka mwingine hamtaniuliza."

Jibu hilo lilikaa mezani. Mwenyekiti alikuwa na umri wake, naye hakubakiza miaka mingi kabla ya kustaafu, na alilielewa kuliko alivyotaka kuonyesha. Lakini kanuni ilikuwa kanuni. Alimweleza taratibu kwamba alama zake zote zitafutwa, jina lake litatolewa kwenye jopo, na posho yake haitakuwepo. Mwalimu aliitikia kila moja. Mratibu alipiga hesabu upya ya majaji wawili, na dobi akapanda mpaka kwenye tatu bora, tena karibu kabisa na cha ukuta.

Kisha ikaonekana kwamba mwenyekiti alikuwa upande wa ukuta na mhariri upande wa dobi, na hakuna wa tatu wa kuamua. Walitazamana. Mwenyekiti aligonga gonga meza kwa miwani, akamgeukia Mwalimu aliyekuwa anainuka.

"Sauti yangu unaijua?"

"Niliwahi kukusikia kwenye semina, Profesa."

"Ulilala?"

"Kidogo."

"Basi nitavisoma mimi, hapa hapa, kimoja baada ya kingine. Kitabu kitakachookoka mdomoni mwangu hakitakuwa kimebebwa na mtu."

Mhariri sasa alicheka wazi. Mratibu alimfuata Mwalimu hadi mlangoni akamwomba kadi, samahani sana. Kamba ya kadi ilinasa kwenye mtandio, ikavutwa, ikakataa, na mwanamke mtu mzima akasimama ameinamisha kichwa mbele ya binti mdogo, akichomolewa kamba kama mtoto. Hilo ndilo lililomuuma siku ile. Mengine alikuwa amejiandaa nayo.

Kwenye korido alikaa karibu na mkwe wake. Mlango ulikuwa wa ubao mwembamba. Walisikia mwenyekiti akisoma jua likichwa, aya nzima, sauti moja toka mwanzo hadi mwisho, na kiti cha mhariri kikilia kila anapojigeuza. Kisha kimya kidogo, kurasa, na mashati. Profesa hakuyasoma vizuri zaidi. Alipumua pasipostahili na akameza miisho ya maneno.

"Anasoma kama mimi," alinong'ona mkwe.

"Kama wewe wa mwezi uliopita."

Walisikiliza. Kiti cha mhariri kilikuwa hakilii tena. Na profesa, alipofika pale nguo zisipopaswa kumwambia mke, alinyamaza mahali ambapo hapakuwa na nukta.

*

Sherehe ya tuzo ilifanyika mchana kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa. Mwenyekiti aliwatumia kadi tatu za wageni wa kawaida, na wakakaa nyuma, karibu na mlango. Kwenye ratiba iliyochapwa, jina la Mwalimu lilikuwa limebandikwa kipande cha karatasi nyeupe. Redio alianza kukikwangua kwa ukucha mpaka mkewe akampiga kofi dogo la mkono. Mwalimu alikuwa na amani, na hakuificha. Hospitali ilikuwa imempigia simu kwamba zamu yake ya macho imekaribia. Mtoto wao alikuwa amepiga simu kutoka barabarani akacheka habari nzima, kisha akauliza kwa wasiwasi kama mkewe na mama yake wanaelewana, akaambiwa wanamsema yeye.

Mshindi alikuwa kitabu cha dobi. Mwandishi aliitwa jukwaani. Mwalimu aliona umbo tu, kitu cha kijani kikitembea upesi. Redio alimweleza kwa mnong'ono uliofika safu tatu mbele: ni mwanamke mfupi, hana hakika mikono aiweke wapi, kipaza sauti kiko juu kuliko yeye. Aliombwa asome ukurasa mmoja. Akafungua kitabu, ambacho sasa kilikuwa na jalada, akaanza.

Alisoma vibaya mno. Alikimbia, alimeza maneno, alisoma "Mashati yalikuja safi" kama mtu anayeulizwa nauli. Watu wa mbele walitabasamu kwa huruma. Mkwe alimshika mama mkwe wake mkono, akaubana, mabega yake yakitikisika kwa kicheko alichokizuia.

Redio aliinamia sikio la mkewe. "Huyu angepitia kwangu hata siku mbili..."

"Mzee," alisema Mwalimu, "nyamaza. Anasoma."

Taratibu ukumbi ulitulia. Mtu fulani aliacha kunywa soda. Mwandishi aliendelea mbio zake hadi kwenye kola, hadi kwenye mtu anayetoka kila asubuhi, na midomo ya mkwe ilikuwa ikiyatamka maneno pamoja naye, mbele yake kidogo. Yalipokwisha hakuna aliyepiga makofi mara moja. Ndipo mkwe, machozi na kicheko vimemchanganyikia, alipotoa simu kwenye mkoba, akajifanya anafungua ukurasa wa kuandika.

"Niandike ngapi, Mama?"

Makofi yalikuwa yameanza. Mwalimu alisogeza mdomo karibu ili asikike.

"Andika wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyekisoma."